Oveni inayogonga ta-ta-ta: shajara ya bodi moja

Naandika hapa kadiri kazi inavyokwenda, ili mwenye oveni ya namna hii asirudie makosa yangu. Nilisomea umeme wa majumbani VETA, chuo cha ufundi stadi. Cheti kimelala kabatini miaka tisa, kinachonilisha ni keki za oda. Oveni yenyewe ni ya kujengea kwenye kabati, upana sentimita 60, mtumba wa Ulaya nilioununua 2019. Haina hata swichi moja ya kuzungusha. Ni vitufe vya kugusa vitupu, na nyuma yake kuna bodi moja yenye rilei tano. Rilei, kwa asiyeijua, ni swichi inayovutwa na sumaku. Bodi inapeleka voti chache kwenye koili, koili inavuta ulimi wa chuma, ulimi unaunganisha umeme mkubwa wa elementi. Ule mlio wa "ta" ukiwasha oveni ndio huo ulimi.

Jumamosi, 14 Juni 2025: keki ya kipaimara

Keki ya chini imeingia saa nane mchana, nyuzi 180, feni. Dakika ya kumi na mbili nasikia jikoni ta-ta-ta-ta, kama mtu anagonga kucha mezani. Skrini inafifia, inawaka, inafifia, kisha inaanza kupepesa 0:00 kama vile umeme ulikatika. Umeme haukukatika, friji inaunguruma pembeni.

Nimezima swichi ya ukutani, nimesubiri dakika tano, nimewasha. Saa inaonekana vizuri. Nikibonyeza taa ya ndani, inawaka na kutulia. Nikichagua feni bila joto, ile ya kuyeyushia nyama ya friza, feni inazunguka, taa ikiwaka, lakini skrini inafifia. Nikichagua kuoka, ta-ta-ta. Nimeyaandika haya kwenye karatasi ya oda kwa kalamu ya wino, halafu nikaisahau hiyo karatasi siku nne. Nitairudia.

Keki imemalizikia kwenye sufuria yenye mchanga, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko, alivyotufundisha bibi. Imeiva, ila upande mmoja umebabuka. Nimempunguzia mteja 30,000.

Jumatatu, 16 Juni: mita mkononi, plagi nje

Siku ya vipimo rahisi. Plagi imechomolewa kabisa, si kuzima swichi tu. Nimepiga picha nyaya zote kabla ya kuchomoa hata mmoja. Pigeni picha jamani, nyingi. Halafu zitazameni.

Elementi ya duara inayozunguka feni: omu 26.6. Kwa voti 230 hiyo ni kama wati 2,000, sawa na ilivyoandikwa juu yake. Elementi ya chini: omu 46. Hakuna inayovuja kwenda kwenye mwili wa chuma wa oveni. Mita ikiwa kwenye kipimo kikubwa kabisa haisomi kitu kati ya elementi na ethi, yaani waya wa ardhi. Kihisi cha joto ni cha aina ya PT1000, yaani kinatakiwa kusoma omu 1,000 kwenye nyuzi sifuri na kupanda kidogo kidogo. Jikoni kwangu leo ni nyuzi 29, kimesoma 1,113. Kizima.

Kwa hiyo tatizo ni bodi. Nimempigia mtu anayeagiza vipuri: bodi mpya 350,000, kusubiri wiki sita. Nimemshukuru.

Jumatano, 18 Juni: kosa la kwanza, na la pili juu yake

Nilijiambia hivi: kinachogonga ni rilei, basi mbovu ni rilei. Nikaing'oa ya elementi ya duara, maana ndiyo inayobeba mzigo mkubwa, nikaenda nayo Kariakoo.

Muuzaji ameitazama, akanitazama mimi. "Dada, mwambie fundi wako aje mwenyewe."

"Fundi ni mimi, kaka."

Amecheka, si kwa ubaya, akatoa moja kwenye boksi. "Zote sawa hizi, mwili ni ule ule." Na kweli mwili ni ule ule: miguu ile ile, ampea 16 ile ile, rangi ile ile. 3,500. Nimefurahi kuonekana fundi, nikasahau kusoma.

Nyumbani nikailehemu. Hapa ndipo kosa la pili lilipoingia. Wakati wa kuing'oa ile ya zamani nilikuwa sina utepe wa shaba wa kunyonyea lehemu, nikatumia nguvu mahali pa joto. Duara dogo la shaba chini ya mguu mmoja likainuka na kubanduka na mguu, limejikunja kama ganda la kitunguu. Nimekwangua rangi ya kijani ya ile njia ya shaba kwa wembe mpaka shaba ikang'aa, urefu wa milimita sita hivi, nikalaza uzi wa shaba kutoka kwenye njia hadi kwenye mguu, nikalehemu. Mguu huo ni wa koili, unapita mkondo mdogo tu. Ungekuwa mguu wa elementi, wenye ampea karibu tisa, uzi mwembamba namna hiyo nisingeuthubutu. Ningetumia waya mnene, nao ningeulaza mpaka kwenye kituo cha pili.

Nikawasha. Sasa hata ta-ta-ta hakuna. Nikigusa tu kuoka, skrini inazima puu, inarudi na 0:00.

Nilikaa chini sakafuni. Nilidhani nimeiua bodi.

Baadaye, chai ikiwa imepoa, nimechukua rilei mbili nikaziweka chini ya taa ya simu. Ya zamani imeandikwa 24VDC. Mpya, herufi zile zile, mahali pale pale: 12VDC. Nikapima koili. Ya zamani omu 1,438. Mpya omu 358. Yaani ile mpya, ikipewa voti ile ile, inavuta mkondo mara nne ya mwenzake. Na bodi ilipoombwa mkondo huo, ikalala.

Hapo ndipo nilipoikumbuka karatasi ya oda. Taa peke yake, rilei moja: shwari. Feni na taa, rilei mbili: skrini inafifia. Kuoka, rilei tatu: ta-ta-ta. Sasa rilei inayokula kama nne: kimya kabisa. Shida haipo kwenye swichi yoyote. Bodi ina njaa.

(Rilei ya zamani nimeipima: ulimi wake unaunganisha kwa omu 0.1. Haikuwa na kosa lolote. Lakini miguu nilishaifupisha, kwa hiyo nimelazimika kununua ya voti 24, 4,000, kwa muuzaji yule yule. Safari hii nimeisoma mbele yake.)

Jumamosi, 21 Juni: kupima ikiwa na umeme

Sehemu hii soma hadi mwisho kabla ya kugusa chochote.

Nilitegemea kuona transfoma ndogo kwenye bodi. Hakuna. Bodi hii inapata voti zake 24 kwa njia ya bei rahisi: umeme wa ukutani unapita kwenye kapasita (kifaa kinachotunza chaji) moja kubwa ya mstatili, kapasita inabana mkondo, dayodi nne, yaani vali za umeme za njia moja, zinaunyoosha, dayodi ya zena inauzuia usivuke 24. Kisha kidhibiti kidogo kinashusha hadi 5 kwa ajili ya ubongo wa bodi. Inafanya kazi, lakini hakuna kinachotenganisha upande mdogo na umeme wa nyumba. Hizo "voti 24" zina umeme wa ukutani ndani yake. Kugusa upande wa chini wa bodi hii ni sawa na kugusa soketi. Swichi kuu inayokata umeme ukivuja itakusaidia ukiwa umegusa laivu na ardhi. Ukishika laivu na nyutro kwa mikono miwili, haioni tofauti kati yako na taa.

Nilivyofanya: plagi nje, nimesubiri, nimepima kwanza kwamba kapasita haina chaji. Waya za mita zina vibanio vya plastiki nchani, nimevibana kwenye miguu ya kapasita nyingine, ile ya upande wa voti 24. Nimeondoa mikono, nimevaa kandambili za mpira, nimemwita mdogo wangu asimame kwenye swichi ya ukutani na asiongee na simu. Ndipo tukawasha. Vitufe nimevibonyeza kupitia kioo cha mbele, si vinginevyo. Kuhamisha vibanio: zima, chomoa, subiri, pima, hamisha.

Matokeo, rilei zote zikiwa za voti 24:

Saa tu: 24.1
Taa: 23.5
Taa na feni: 13
Kuoka: inaporomoka chini ya 9, inapanda, inaporomoka

Kwenye 13 rilei iliyokwisha kuvutwa hubaki imeshika, ndiyo maana feni ilizunguka japo skrini ilififia. Zikiingia tatu, voti zinashuka mpaka kile kidhibiti cha 5 kinakosa cha kushusha, ubongo unazimika, rilei zinaachia zote, mzigo unaondoka, voti zinapanda, ubongo unaamka, unakumbuka ulikuwa unaoka, unavuta rilei. Ta. Ta. Ta.

Nimeing'oa kapasita ile ya mstatili, safari hii kwa utepe wa shaba, taratibu. Juu yake: 1 µF, K, 275 V~, X2. µF ni mikrofaradi, kipimo cha uwezo wa kapasita. K maana yake inaruhusiwa kupotoka asilimia 10. X2 ni daraja la usalama la kapasita za kukaa kwenye umeme wa nyumba. Mita imesoma 0.43.

Hesabu yake si ngumu. Mkondo wa wastani unaopita hapo ni 4 mara 50 (mizunguko ya umeme kwa sekunde) mara kapasita mara voti zinazobaki kileleni, ambazo ni 325 (kilele cha umeme wa voti 230) toa 24, tuseme 300. Kapasita nzima ya 1 µF inatoa milliampea 60. Yangu ya 0.43 inatoa 26. Koili moja ya rilei inataka karibu 17, na ubongo na skrini wanataka kama 8. Rilei moja: 25, inatosha kwa kubahatisha. Tatu: 58. Kwa hiyo hata ikiwa mpya bodi hii ilikuwa na ziada ya milliampea mbili tu. Aliyeichora alikuwa mbahili, nami namlaumu yeye kuliko kapasita.

Kapasita hizi kwa kawaida hazipasuki zikichoka, na ndiyo maana jicho halizioni. Ndani ni utando wa plastiki uliopakwa chuma chembamba. Umeme ukiruka ghafla, kama unaporudi baada ya kukatika, utando unatoboka tundu dogo sana, na chuma kinachozunguka tundu kinayeyuka na kujitenga. Kapasita imejiponya, ila imepoteza kijisehemu cha eneo lake. Unyevu nao unakula chuma hicho. Miaka mingi ya hivyo, na pwani hii, unabaki na 0.43 ndani ya ganda ambalo kwa nje ni jipya kabisa.

Jumanne, 24 Juni: kutafuta X2

Siku nzima imekwenda hapa.

Kariakoo nimepewa kwanza kapasita ya feni ya dari. "Hii inashika mia nne na hamsini, dada, kubwa kuliko yako." Voti ni kweli, na uwezo ungefaa, lakini namba ya voti si habari yote. X2 imejaribiwa kwa miruko ya voti 2,500, na ganda lake limetengenezwa lisishike moto. Kitu kinachokaa moja kwa moja kwenye umeme wa nyumba, sentimita chache kutoka sehemu inayofika nyuzi 220, sitaki kukibahatisha. Nimeiacha.

Duka la pili: iliyoandikwa 105J 400V, bila alama ya mawimbi ya umeme wa ukutani. Hiyo 400 ni ya mkondo mnyoofu. Nimeiacha pia.

Nikaenda kwa fundi wa mashine za kufulia, nikanunua bodi mbili zilizokufa kwa 2,000 ili nizichune. Kapasita tatu za X2 ndani yake. Iliyoandikwa 0.47 imesoma 0.29. Ya 0.68 imesoma 0.51. Ya tatu haikusoma kitu. Nilikuwa nanunua ugonjwa ule ule wa mtu mwingine.

Jioni, nikiwa nimechoka, nimepita kwa mzee wa televisheni mtaani kwetu Temeke, aliyekuwa akirekebisha zile za kioo cha mgongo mrefu nikiwa mtoto.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na keki au na matatizo?"

Nimemweleza. Hajasema kitu, ameingia ndani, amerudi na kopo la maziwa ya watoto, akalimwaga mezani. Katikati ya skrubu na vifungo vya shati, kulikuwa na kapasita mbili mpya, miguu mirefu bado: 474, X2, 305 V~. Hiyo ni 0.47 kila moja. "Zifunge sambamba," akasema, "zinajumlishana." 0.94. Milliampea 56. Hakutaka hela. Anataka nusu kilo ya keki ya ndizi, bila zabibu.

Alhamisi, 26 Juni: kuzifunga

Mbili hazikai mahali pa moja. Moja imeingia kwenye matundu yake, miguu nimeikunja kidogo. Ya pili imelala ubavuni kwenye nafasi tupu ya bodi, miguu yake imevalishwa mpira wa kusinyaa na kulehemiwa chini kwenye miguu ya mwenzake. Kitu kilicholala bila kushikwa kitavunjika miguu kwa mtikisiko wa mlango, kwa hiyo kinahitaji gundi ya silikoni.

Na silikoni niliyokuwa nayo nyumbani ni ya kuzibia sinki, ile inayonuka siki. Nilishaikamua kidogo kwenye bodi kabla sijakumbuka kwamba harufu hiyo ni asidi na inakula shaba. Nimeifuta yote, nimesugua kwa spiriti na mswaki mara tatu, nikaenda kununua isiyonuka. 5,000 na saa mbili zimepotea.

Rezista iliyofungwa sambamba na kapasita, ile inayomwaga chaji plagi ikichomolewa, nimeipima kabla ya kufunga: mega-omu 1, sawa. Ikiwa yako imekatika ibadilishe, la sivyo miguu ya plagi yako itakupiga ukiigusa.

Vibanio, kandambili, mdogo wangu kwenye swichi. Saa: 24.1. Taa: 24. Feni na taa: 23.9. Kuoka: 23.2. "Ta" moja, kisha mvumo wa feni, kisha harufu ya elementi inayounguza vumbi. Mdogo wangu amepiga makofi, nikamkumbusha mkono wake uko wapi.

Jumamosi, 28 Juni: imekata tena

Imerudishwa kabatini. Keki ya ndizi ya mzee imeingia. Kipimajoto cha trei kinacheza kati ya 178 na 186, safi. Dakika ya 35 kioo cha mbele kimekuwa cha moto kiasi kwamba kidole hakikai, nikasikia harufu ya plastiki, na elementi ikakata. Skrini inawaka, taa inawaka, joto linashuka.

Moyo umenienda mbio, lakini rilei hazikugonga. Hili lilikuwa jambo jingine. Nimechomoa plagi, nimeivuta oveni nje, nikafungua simu kutazama picha za tarehe 16. Picha ya nne, kona ya juu kulia: plagi nyeupe ya nyaya mbili imechomekwa kwenye feni ya kupoza, ile nyembamba inayokaa juu ya tumbo la oveni na kuilinda bodi isiive. Oveni mbele yangu: plagi nyeupe inaning'inia nyuma ya kabati.

Nilikuwa nimeisahau. Feni hiyo isipozunguka, kikata-joto cha nyuma kinakata elementi kuokoa bodi, na kilifanya kazi yake. Kimerudi chenyewe kilipopoa. Nimechomeka plagi, nimejaribu saa moja nzima kwa 200: kioo cha vuguvugu tu. Ukiwasha oveni ya aina hii, utaisikia feni ya pili inayovuma chini chini, tofauti na ile ya ndani. Alhamisi sikuisikia, nami sikujiuliza.

Keki ya ndizi imezama katikati. Nimeoka nyingine.

Jumamosi, 19 Julai: wiki tatu baadaye

Oda kumi na moja zimepita, umeme umekatika mara nne ninazozikumbuka, oveni haijagonga. Nimeipima tena leo wakati wa kuoka: 23.2, haijashuka.

Gharama: rilei ya voti 12 ambayo sasa ni pambo, 3,500. Ya voti 24, 4,000. Lehemu na utepe wa shaba, 6,000. Bodi mbili za kuchuna, 2,000. Silikoni, 5,000. Nauli, 4,800. Jumla 25,300, bila ile 30,000 ya kipaimara wala keki mbili za ndizi. Ningeanza na mita kwenye voti 24, ningetumia lehemu, silikoni isiyonuka na keki moja.

Ziko X2 zinazotengenezwa mahsusi kwa kazi hii ya kubana mkondo, ambazo hazipotezi uwezo haraka. Nimeagiza moja ya 1 µF kupitia kwa binamu yangu aliyeko Muscat, anakuja Desemba. Ikifika nitaziondoa hizi mbili na kuandika vipimo hapa. Mzee ameshasema kopo lake anataka lirudi na kapasita zake.